Hoteli ya Mapaa Mengi

Ujumbe wa sauti wa yaya Marie-Rose, dada yangu mkubwa, uliingia kwenye simu yangu wakati watoto wa darasa la pili wakiimba herufi. Nilitoka nje ya mlango nikausikiliza, nikiwa bado nimeshika chaki. Yaya alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, kama alivyo tangu utoto wetu. Firmin, mume wake, alikuwa amepata kazi Kalemie. Wangeshuka kutoka Bukavu mwisho wa mwezi na kupanda meli pale Kalundu, na kwa hali ya vita ilivyokuwa hakuna aliyejua wangerudi lini. Lakini kabla ya meli walitaka kupumzika Uvira siku mbili, familia nzima pamoja, kwa ajili ya watoto. Bruno na Ishimwe walikuwa wamesikia habari za toboga.

"Tafuta hoteli, Libé," alisema. "Weye ndiye uko hapo. Tafuta ile batoto banaweza kutoka kwa mguu mpaka toboga. Na mama aje. Usimuache akatae. Ishimwe ana miaka mitano na mama hajamubeba hata siku moja."

Toboga lilikuwa bomba kubwa la bluu lenye mizunguko, ambalo mfanyabiashara mmoja alilisimamisha ufukoni, upande wa Kavimvira. Mtu alipanda ngazi mpaka juu, akaketi, akateleza mpaka ndani ya bwawa la maji. Palikuwa na farasi wa mbao waliozungushwa na jenereta na vijiboti vya kukanyaga kwa miguu, lakini watu waliita pale Toboga tu, hata wazee. Mwaka ule vita vilikuwa vimepanda milimani, juu ya mji. Sisi wa chini tulikuwa tukiishi kwa kusikiliza. Kukiwa kimya, watoto walipelekwa Toboga. Kukilia risasi, kila mtu aliingia ndani, na kesho yake jenereta ikawashwa tena.

Jioni ile Firmin mwenyewe akanipigia.

"Shemeji Libérate, nikuulize kitu, usinifiche. Mama yenu atakuja kweli?"

"Atakuja, shemeji."

"Miaka yote hii hajakula kwangu. Hajanitazama mu macho. Ile wakati ya kukimbia vita, mule mu darasa tulikuwa tunalala, mimi nikiingia, yeye anatoka. Mvua inanyesha, yeye anatoka. Marie-Rose ananiambia ni desturi. Desturi gani inatoa mutu inje mu mvua?" Akashusha sauti. "Mimi ni Mufuliiru, ninyi ni Barundi. Watu wetu walifanyiana mabaya kule bondeni. Naelewa. Nataka tu nijue mbele ya kupanda meli. Nisipeleke batoto mbali na koko yao, mama wa mama yao, nikifikiri vibaya."

Nilitaka kumjibu. Maneno nilikuwa nayo yote, nimesoma ualimu, nasimama mbele ya watoto hamsini kila siku. Lakini mimi nikiwa na mtu mzima koo hufunga. Nilisema tena, "Atakuja," naye akanishukuru kwa heshima, akakata.

Hakuwa na kosa la kutojua. Wazazi wa Firmin walifariki akiwa mdogo, akalelewa na mapadre kule Bukavu, katika bweni la wavulana. Hapakuwa na mama wala shangazi wa kumwambia kwamba, kwetu, mkwe wa kiume na mama wa mke hawalali chini ya paa moja. Mama haoni kitanda cha mkwe. Mkwe haoni miguu ya mama. Hawali wakitazamana. Si kwa chuki. Mtu aliyemzaa mke wako unamstahi kama unavyostahi altare: unajua ilipo, nawe huiegemei. Marie-Rose alikuwa amemwambia haya mara nyingi, lakini yeye alikuwa ameyasikia kama watu wanavyosikia udhuru. Kumwambia mara nyingine kusingesaidia. Alihitaji kuona. Nikaamua usiku uleule kwamba ataona, na kwamba mama atambeba Ishimwe, hata kama ningelazimika kuzungumza na kila mwenye hoteli ufukoni.

Nilianza vibaya. Mkabala na lango la Toboga palikuwa na ghorofa ya rangi ya waridi, mpya, yenye veranda zinazotazama bomba lile la bluu moja kwa moja. Nikafikiri: ghorofa ya chini ni ya Firmin na familia yake, ya juu kabisa ni ya mama na mimi. Kati yao sakafu mbili za saruji. Tena chumba cha juu ndicho cha heshima, kina upepo na kina ziwa lote. Nikamwambia msimamizi atuwekee, nikatoka nikiwa nimejaa furaha, nikampigia mama, kule kijijini Bwegera. Alikuwa akianika mpunga. Nilisikia reki yake ikikwaruza.

"Hiyo hoteli iko na mapaa mangapi?" aliuliza.

"Paa ni moja, mama, lakini ni ghorofa. Weye utakuwa juu kabisa, yeye chini kabisa."

Reki ikasimama.

"Juu yake?"

"Ndiyo, mama. Mahali pa heshima."

"Libérate! Unilaze juu ya kichwa cha mukwe wangu? Kila nikigeuka mu kitanda, nimukanyage? Usiku nikiamka kutafuta choo, nimutembelee mu paji la uso? Ni hayo wamekufundisha kule institut?"

"Mama..."

"Sikuji. Wale batoto uwape muchele, nitatuma na mutu wa moto," alisema. Pikipiki kwetu huitwa moto.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na watu wakipita. Kwa kawaida hapo ningesema sawa, mama. Badala yake niliuliza, "Nikipata yenye mapaa mengi?"

Hakukata simu. Nilijua anatazama barabara. Kila gari la Bukavu hupita mbele ya nyumba yake Bwegera, lakini miezi ile hakuna lililosimama pale. Yalipita mbio nyuma ya gari la askari, vioo vimefungwa. Nilijua anawaza kwamba watoto wa Marie-Rose watapita hivyo, mbele ya mpunga wake, wakielekea kwenye meli.

"Iko hoteli ya namna hiyo?" aliuliza kwa sauti nyingine.

"Nitaitafuta."

"Na mabati yake yasigusane."

Jumamosi nilivaa viatu vya kutembea. Kwenye ghorofa ya waridi nilirudi kuomba watufutie vyumba, na msimamizi alitaka sababu. Nilipomwambia, aliwaita wenzake wa jikoni waje wasikie.

"Bantu banaulizaka kama maji iko," alisema, "banaulizaka kama courant ya umeme iko, kama mbu iko. Huyu mademoiselle anauliza hesabu ya mapaa! Mama yako ni fundi wa mabati?"

Walicheka wote. Nikawaambia asante na mbaki salama, nikaenda.

Hoteli ya pili ilikuwa na majengo mawili yaliyotengana, kila moja na mlango wake, na nilikuwa karibu kukubali. Lakini nilikuwa nimejifunza. Nilitoka uani, nikainua macho. Kati ya majengo yale mawili walikuwa wametandaza mabati ili pikipiki zisinyeshewe. Yaligusa huku, yakagusa kule.

"Munaweza kutoa haya mabati siku mbili?" niliuliza.

Mwenye hoteli alinikagua toka kichwani mpaka viatuni. "Dada, weye uko na afya?"

Nikaenda mbele. Mchanga ulikuwa umeingia viatuni, nikavivua nikatembea peku kando ya maji. Mbali kidogo na Toboga, baada ya shamba la michikichi, nilikuta vijumba vya zamani vya mviringo, vimetawanyika kwenye majani kama mbuzi wanaolisha, kila kimoja na kofia yake ya nyasi. Mwenye mahali pale alikuwa Mama Georgette, mama mnene mwenye sauti ya mwanamume, aliyekuwa akigeuza ndagala kwenye mkeka. Nilianza kumweleza, maneno yakakwama. Nikasema tu kwamba ni familia, mama, dada yangu, watoto wawili, mume wa dada.

Aliinua kichwa. "Mukwe yuko?"

"Yuko."

"Basi mama tunamupa kile cha kule kwa muembe, mukwe tunamupa kile cha huku kwa lango. Milango haitazamani. Mabafu ni mbalimbali. Mama atapita nyuma, hatamukuta mukwe na taulo." Akarudi kwenye samaki wake. "Ungesema mara moja, mwanangu."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini neno moja lilibaki, nami tangu asubuhi nilikuwa nimelizunguka.

"Na zikilia?"

"Zikilia, wote salle." Alionyesha kwa kidevu jumba la katikati, lenye kuta nene na madirisha madogo, ambamo wageni walikula. "Nyasi haizuii risasi. Hiyo ni sheria ya hapa. Mukubwa, mudogo, wote mule."

"Mama hataingia, kama mkwe yuko ndani."

"Ataingia. Risasi haijui mukwe."

"Lakini mama yangu anajua," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na sikuirudisha. Mama Georgette alijipangusa mikono kwenye kitenge, akanitazama vizuri, halafu akatembea mbele yangu mpaka nyuma ya vijumba, karibu na maji. Palikuwa na nyumba ndogo ya mawe. Zamani marehemu mume wake alikaushia humo samaki wa mikebuka kwa moshi. Kuta zake zilikuwa na upana wa mkono mzima, na dari ilikuwa ya zege. Ndani mlijaa nyavu zilizooza, viti vilivyovunjika, na buibui.

"Paa lake ni lake peke yake," alisema. "Lakini mimi sina mutu wa kuisafisha."

Niliisafisha mimi. Jumapili baada ya misa nilirudi na ufagio na ndoo, nikatoa nyavu, nikasugua masizi mpaka maji ya ndoo yakaacha kuwa meusi. Niliweka mkeka, mtungi wa maji, na benchi. Nikampigia mama nikamwambia: hoteli ina mapaa mengi, hakuna linalogusa lingine, na zikilia tuna la kwetu.

"Umeliona na macho yako?"

"Nimelifagia na mikono yangu, mama."

"Basi nakuja," alisema.

Walifika Ijumaa mchana, wamechoka na vumbi la bonde. Ishimwe aliruka kutoka garini kabla ya injini kuzimwa, akauliza toboga iko wapi. Kutoka mahali pale ilionekana ncha tu ya bluu juu ya michikichi. Bruno alisema mwenzake wa darasa alikuwa amelala kwenye hoteli yenye toboga dirishani. Yaya Marie-Rose alimkanya, lakini niliona Firmin anatazama paa la nyasi, halafu ananitazama mimi.

"Shemeji, sisemi ni pabaya," alisema polepole. "Nilitaka mama yenu alale mahali pakubwa. Mahali ataona kwamba namuheshimu."

"Ni hapa, shemeji."

Nilimwonyesha kijumba chao, nikamwonyesha salle, nikamwambia zikilia waingie pale. Kisha nikamwonyesha kwa mbali nyumba ya mawe, nikasema sisi na mama tutakuwa kule. Alipima kwa macho umbali wake kutoka salle.

"Hata zikilia," alisema. "Hata kwa risasi hataki kuwa mahali mimi niko."

Safari hii nilijibu. "Shemeji, ngoja. Usihukumu leo."

Mama alikuja juu ya moto, kiroba cha mchele kimefungwa nyuma na kuku wawili wakining'inia kwenye usukani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Aliposhuka, Firmin alisimama, naye mama papo hapo akashusha macho mpaka kwenye vidole vya miguu yake, akageuka upande, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni:

"Libérate, mwambie mukwe wangu namusalimia sana."

"Anakusalimia sana, shemeji," nilisema, ingawa hatua zilizokuwa kati yao mtoto angeziruka.

"Mwambie nimepokea," alisema Firmin, bila furaha.

Watoto walipenda mchezo ule. Bruno akawa mpeleka salamu. "Koko, papa anauliza kama barabara ilikuwa mubaya!" "Papa, koko anasema ilikuwa mubaya, na moto ilipiga kikohozi njia yote!" Ishimwe hakupeleka chochote. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akamshika shavu moja, akamchungulia usoni, akapanda mapajani mwake kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Mama aliweka kidevu juu ya nywele za mtoto, akakiacha hapo. Yaya aliingia ndani haraka, akajifanya anatafuta sabuni.

Siku ile Toboga ilikuwa imeshafungwa. Walifunga mapema, kwa sababu ya hali. Mama akawachukua watoto kwenda kucheza na mawimbi, karibu na nyumba ya mawe, nami nikaketi mchangani kuwalinda. Firmin alikuwa kwa mbali, akitazama ziwa, mikono mifukoni. Jua lilikuwa bado juu ya milima wakati mlio wa kwanza uliposikika.

Kwanza mmoja, halafu mingi pamoja, kama mtu anayemwaga mahindi makavu kwenye sufuria. Ilitoka juu, mlimani. Mama Georgette akapiga sahani kwa kijiko na kupaza sauti: "Salle! Wote salle!" Niliona yaya akikimbilia salle, akituita kwa majina yetu. Mama alikuwa tayari amembeba Ishimwe. Nilimshika Bruno mkono, lakini Firmin, aliyekuwa amekimbia kama mwendawazimu, akanipita, akamnyakua mwanawe, na sote tukatumbukia kwenye mlango uliokuwa karibu zaidi. Ulikuwa mlango wa nyumba ya mawe.

Tulisimama ndani tukihema. Mama alimtua Ishimwe kwenye benchi. Aliinua macho akamwona Firmin, na Bruno kifuani mwake, chini ya zege lile. Akashusha macho upesi.

"Kaa, mukwe wangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia neno moja kwa moja. "Kaa na batoto."

Naye akajifunika kichwa kwa kitenge, akatoka nje.

Alitoka kwenye uwanda ule wa majani, kati ya nyumba ya mawe na salle, na huko juu mahindi yakiendelea kumwagika. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Lakini Firmin alikuwa ameshamweka Bruno chini. Nilimtazama usoni, na sitasahau alivyobadilika: kama mtu aliyekuwa akisoma barua kichwa chini miaka yote, na ghafla ameigeuza. Alitoka mbio, akamzunguka mama kwa mbali, bila kumgusa, akasimama mbele yake na kumpa mgongo, mikono ameinyoosha pande zote mbili.

"Mabukwe!" alisema kwa sauti kuu. Neno lile la Kirundi la kumwita mama mkwe sijui alikuwa amelitoa wapi. Labda kwa yaya, zamani. "Mabukwe, rudi kwa batoto. Mimi naenda kwa paa lingine. Liko. Shemeji alinionyesha."

"Tangulia kwanza."

"Rudi kwanza, mabukwe. Nakuomba. Sitatoka hapa mbele ya weye kurudi."

Mama alirudi. Firmin alingoja mpaka kitenge chake kilipopita mlango, na ni hapo tu alipokimbia, ameinama, mpaka salle. Nilisikia yaya akimpokea kwa matusi na machozi.

Milio haikukaa sana. Ilihama, ikaenda nyuma ya mlima, ikawa kitu cha watu wengine, na hilo pia ni la kusikitisha. Ishimwe alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama. Bruno hakulala.

"Koko, juu ya nini ulitoka? Unaogopa papa?"

"Simuogopi," alisema mama. "Baba yako ni mutu mukubwa kwangu. Nikimuona anakoroma na mudomo wazi, kesho nitamuheshimu na nini?"

Bruno alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mikono. Ndipo tukasikia hatua nje. Zilisimama mbali kidogo na mlango, upande wa ukuta.

"Bruno," ilisema sauti ya Firmin. "Muulize koko kama hajaumia."

"Koko, papa anauliza kama..."

"Nimesikia. Mwambie niko muzima." Mama alimpapasa Ishimwe mgongo. Kisha akaongea akitazama ukuta wa mawe, kila neno kwa nafasi yake. "Mwambie baba yako hivi. Ule wakati wa kukimbia, lile darasa lilikuwa na paa moja. Yeye alitoka Bukavu kwa mguu kumutafuta muke wake, miguu imevimba, mutoto wa watu. Hatungeweza kulala wote mule. Mumoja wetu ilikuwa anyeshewe. Mimi ni mulimaji wa mupunga. Miguu yangu iko mu maji tangu nizaliwe. Nikasema, acha ninyeshewe mimi, yeye alale."

Bruno alimeza mate, akajiandaa kusema yote yale.

"Usirudilie, mwanangu," ilisema sauti nje. "Nimesikia."

Hakuondoka. Alibaki upande ule wa ukuta mpaka Mama Georgette alipotangaza kwamba wali umeiva, na mama akamkabidhi Bruno kuku mmoja aliyepikwa mzima ampelekee baba yake, na kusema asipopata yeye paja, mtu hatakula.

Kesho yake Toboga ilifunguliwa. Jenereta ilikohoa, farasi wa mbao wakaanza kuzunguka, na watoto wa mji wote walionekana kuwa pale, wamekuja kujilipa mchana uliokuwa umeibwa. Bruno aliteleza mpaka magoti yakachubuka. Ishimwe alipanda ngazi nusu, akatazama chini, akashuka, akapanda tena, akashuka tena. Alikuwa ameingoja toboga tangu Bukavu, na sasa alikuwa ameng'ang'ania ngazi.

"Nitaenda kama koko anaenda," alisema.

Tulicheka. Mama hakucheka. Alilitazama bomba, akamtazama mtoto ambaye kesho angepanda meli. Akafunga kitenge chake fundo la pili, halafu la tatu.

"Mama, hapana," alisema yaya. "Watu wote wanaangalia."

"Watu wote si bakwe zangu." Akanigeukia, akanong'ona. "Lakini yeye?"

Firmin alikuwa kwenye ukingo wa bwawa, akiwangoja watoto wafike majini. Nilikwenda kwake. Koo halikufunga. "Shemeji, mama anataka kuteleza."

Alinielewa kabla sijamaliza. Aligeuka, akaupa bwawa mgongo na kutazama ziwa, mikono nyuma, amenyooka kama askari wa gwaride. Mwenye kukata tiketi alimwuliza kama amegombana na familia. "Hapana, bwana," alijibu Firmin. "Ni mama wa muke wangu iko huko juu." Yule bwana akapiga goti kidogo kwa heshima, naye akageuka.

Mama alipanda ngazi, Ishimwe mbele yake. Juu kabisa aliketi, akamweka mtoto kati ya magoti, akakusanya kitenge.

"Amegeuka?" aliita.

"Amegeuka!" tulijibu sote.

Tulimwona akiingia kwenye mdomo wa bluu, kisha hatukumwona. Tulimsikia tu. Alikuwa akipiga kelele kwenye kila mzunguko, kelele ndefu ya mwanamke wa shamba anayefukuza ndege kwenye mpunga, na ndani yake kicheko cha Ishimwe. Firmin hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na nilipopita mbele yake niliona machozi na meno kwa pamoja.

Maji yaliruka. Kitenge cha Pasaka kikaelea kama jani la yungiyungi, kisha kikakusanywa, kikafungwa.

"Wamefika?" aliuliza Firmin, akitazama ziwa.

"Wamefika," nilisema.

"Wako wazima?"

Kabla sijajibu, sauti ya mama ilitoka bwawani, imejaa maji, nayo haikupitia kwa Bruno wala kwangu.

"Mukwe wangu, usigeuke bado. Tunapanda tena."